Mafuta ya mimea kwa wadudu wa mazao: chupa za kununua Kigoma na za kuziacha dukani

Anayelima mboga bonde la Luiche au anayehifadhi maharage Kasulu, akiulizia dawa ya asili ya wadudu, mara nyingi huonyeshwa chupa moja kati ya nne: mafuta ya karafuu, ya mchaichai, ya mkaratusi au ya mwarobaini. Zote husifiwa vilevile, kwamba zinaua kila mdudu na hazina madhara. Hakuna chupa hata moja inayostahili sifa hiyo yote. Karafuu na mkaratusi ni za kununua kama una maharage kwenye chombo kinachofungika vizuri. Mwarobaini ni wa bustani. Mchaichai unafaa kitalu na matuta machache ya nyumbani. Kwa ekari ya mahindi, zote nne ziache dukani.

Kuna tofauti ambayo mnunuzi anapaswa kuijua kabla ya kutoa pesa. Karafuu, mchaichai na mkaratusi hutoa mafuta yanayoruka, yaani yanayogeuka mvuke na kupotea hewani. Hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani, maua au makonyo (vikonyo vya karafuu), kisha mvuke unapozwa na mafuta yanajitenga na maji. Mwarobaini ni mafuta mazito yanayokamuliwa kwenye kokwa za mbegu, sawa na alizeti. Mafuta yanayoruka humpata mdudu kwa kumgusa au kwa mvuke wake, na huvuruga mishipa yake ya fahamu. Eujenoli, ambayo kwa kawaida ni asilimia 70 hadi 90 ya mafuta ya karafuu, huingilia kazi ya oktopamini, kemikali ambayo mwili wa mdudu huitegemea kupeleka taarifa na ambayo kwa binadamu haina kazi kubwa. Mdudu huanza kuhangaika, anapoteza mwelekeo, kisha analegea. Hayo huonekana ndani ya dakika au saa chache.

Mwarobaini haufanyi hivyo. Nguvu yake kubwa ni azadiraktini, inayomfanya kiwavi aache kula na ashindwe kujivua ngozi anapokua. Kifo kinakuja baada ya siku kadhaa. Mtu akipulizia jioni na kesho yake asubuhi akawakuta viwavi bado wako kwenye jani, anasema ameuziwa maji na anapuliza sumu nyingine juu yake. Kipimo cha mwarobaini ni jani: je, linaendelea kuliwa? Kama matundu mapya hayaongezeki siku ya pili na ya tatu, dawa inafanya kazi hata kama mdudu bado anaonekana.

Ubora wa chupa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mafuta mengi ya karafuu yanayouzwa mitaani ni ya nywele na ngozi: karafuu zimelowekwa kwenye mafuta ya nazi au alizeti, yakachujwa. Yananukia vizuri, lakini eujenoli iliyomo ni kidogo mno kwa kazi ya wadudu. Mafuta halisi ya karafuu, yawe ya maua au ya makonyo kama yale yanayokamuliwa Pemba, ni mazito kuliko maji. Chukua glasi ya maji safi, dondosha matone mawili matatu, kisha yasukume chini kwa kijiti, maana tone dogo linaweza kushikiliwa na uso wa maji. Yakizama na kutulia chini, ni dalili nzuri. Yakirudi juu na kutanda, yamechanganywa na mafuta ya kula. Maji yakigeuka meupe papo hapo kama maziwa, ujue ndani kuna kichanganyishi tayari, kitu cha kuyafanya mafuta yashikane na maji. Hilo si kosa, mradi kibandiko kiwe kimesema hivyo na kimeeleza asilimia ya mafuta yenyewe.

Mchaichai na mkaratusi huelea, kwa hiyo jaribio la glasi halisaidii. Tumia karatasi nyeupe ya daftari. Weka tone moja, iache kivulini hadi kesho. Mafuta halisi yataruka na kuacha karatasi kavu, pengine na rangi hafifu. Doa la greisi linalopitisha mwanga ukilielekeza dirishani ni mafuta ya kula. Mkaratusi una jambo lake jingine: ipo aina zaidi ya moja. Ule wenye harufu kali ya dawa ya mafua una sineoli kwa wingi, na huo ndio unaofaa kwenye ghala. Ule wenye harufu ya limau una sitronelali, mzuri zaidi wa kufukuza mbu kuliko kuua wadudu wa nafaka. Kibandiko kikiandika tu "mkaratusi" bila jina la kisayansi, nusa kabla hujalipa.

Bei ya chini kupita kiasi nayo ni kipimo. Majani mabichi ya mchaichai hutoa mafuta kiasi cha asilimia 0.2 hadi 0.5 ya uzito wake. Maana yake kilo 10 za majani, zikikamuliwa vizuri, hutoa mililita 20 hadi 50 tu. Anayekuuzia nusu lita ya mchaichai "safi" kwa bei ya lita ya mawese hakuuzii mafuta ya mchaichai. Kwa sababu hiyohiyo, kuchemsha majani kwenye sufuria isiyofunikwa na kupulizia maji yake hakufikii matokeo ya chupa: mafuta yameondoka na mvuke, yakabaki maji ya chai.

Sasa hesabu ya shamba. Kipimo cha kawaida cha mafuta haya kwenye mimea ni asilimia 0.5, yaani mililita 5 kwa lita moja ya maji. Bomba la mgongoni la lita 15 linahitaji mililita 75. Chupa ndogo zinazouzwa ni za mililita 10, kwa hiyo bomba moja ni chupa saba na nusu. Ekari ya mahindi ukiipulizia lita 100 za maji unahitaji mililita 500, ambazo ni chupa 50, na baada ya siku mbili jua litakuwa limeondoa karibu mafuta yote. Kiwavijeshi vamizi mwenyewe yuko ndani ya moyo wa mmea wa hindi, kati ya majani machanga yaliyojikunja, amejificha nyuma ya kinyesi chake, wala mvuke haumfikii kwa nguvu inayotosha. Muuzaji anayependekeza matumizi hayo anakutia hasara mara mbili: pesa za chupa na mahindi yenyewe.

Kwenye chombo kilichofungwa mambo yanageuka, kwa sababu kule kuruka kunakoyafanya mafuta yasifae shambani ndiko kunakoua ndani ya dumu. Hapa ndipo karafuu na mkaratusi zinapolipa, hasa kwa maharage, zao ambalo Kasulu, Kibondo na Buhigwe hulitegemea kwa chakula na kwa biashara.

Fukusi wa maharage wako wa aina mbili wanaosumbua zaidi, na tabia zao ni tofauti. Mmoja huanza kushambulia shambani, maganda yanapoanza kukauka, na hutaga mayai yakiwa huru katikati ya punje. Mwingine hugandisha mayai yake kwenye ganda la punje, ukiangalia kwa makini unaona vidoa vyeupe vidogo vimeshikilia. Kwa wote wawili, buu akishatoboa na kuingia ndani ya punje, mafuta ya nje hayamfikii kirahisi. Ndiyo maana mtu hufunga dumu, akafungua baada ya wiki moja akakuta wadudu wote wamekufa, akafurahi, kisha mwezi unaofuata akakuta vumbi na matundu mapya. Dawa haikushindwa. Waliotoka ni wale waliokuwa ndani ya punje wakati mvuke ulipokuwepo. Mzunguko wao kwenye joto la kwetu ni kama wiki nne hadi tano, hivyo tiba ya mara moja haitoshi.

Utaratibu wa dumu la lita 20 uko hivi. Anika maharage kwenye turubai jeusi, tabaka jembamba, jua la mchana, ukiyageuza mara kwa mara hadi punje ivunjike kwa mlio chini ya jino bila kubonyea. Pepeta, toa punje zote zenye matundu. Yaache yapoe kabisa kivulini, kwa sababu maharage ya moto yakifungwa hutoa unyevu na kuota ukungu. Dumu litaingiza takriban kilo 15. Kwa kiasi hicho pima mililita 75 za mafuta ya kula, yaani mililita 5 kwa kila kilo, kisha ongeza mililita 5 za mafuta ya karafuu na ukoroge. Mwagia kidogo kidogo kwenye maharage yaliyo kwenye beseni, ukichanganya kwa mikono yenye glovu hadi kila punje ing'ae. Mafuta ya kula hapa si kibebeo tu: huziba vitundu vya hewa vya yai na kulizuia lisianguliwe, na kazi hiyo huifanya hata bila karafuu. Karafuu humfukuza na kumuua mdudu mzima asipate muda wa kutaga.

Mawese yanafaa na kwetu yanapatikana bila shida, ila asubuhi za baridi za Buhigwe huganda na kutengana. Ukiyapima yakiwa hivyo utachota maji ya juu na kuacha mgando chini. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu hadi yayeyuke yote, tikisa, ndipo upime. Usiyachemshe pamoja na karafuu, maana moto utaondoa kile ulicholipia. Mawese pia huacha rangi, jambo ambalo mnunuzi wa maharage meupe au ya njano hatalipenda. Kwa maharage ya kuuza tumia alizeti.

Mkaratusi una njia tofauti, na mimi huipendelea kwa maharage ya kula nyumbani kwa sababu haugusi punje. Chukua vipande viwili vya pamba, kila kimoja ukidondoshee mililita 2 hadi 3 za mafuta, vifunge kwenye kitambaa chepesi. Kimoja kiweke chini kabisa ya dumu kabla ya kumimina maharage, kingine juu, karibu na mdomo. Ukiweka juu peke yake, maharage ya juu yatanyonya mvuke wote na fukusi wa chini watabaki wazima. Hilo ndilo kosa linalofanya watu wengi waukatae mkaratusi. Jaza dumu hadi karibu na shingo, funga kwa nguvu, paka nta ya mshumaa kwenye ukingo wa kifuniko kama hakishiki vizuri. Liache siku saba bila kufungua. Rudia wiki ya nne kwa pamba mpya. Kabla ya kupika, tandaza maharage kwenye mkeka nusu siku yapunge hewa, kisha yaoshe.

Gunia la kawaida halifai kwa njia zote mbili. Kwa kiasi kikubwa, gunia na zaidi, mfuko wa kuzuia hewa wa matabaka matatu unashinda mafuta haya kwa urahisi wa kazi na kwa kudumu, na mwenye magunia kumi asipoteze muda na pamba. Kwa mahindi na makopa ya muhogo ushauri wangu ni mkali zaidi. Dumuzi, aliyeripotiwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kabla ya kusambaa sehemu nyingi za Afrika, huchimba ndani sana na kuacha unga. Kumwachia chupa ya mkaratusi kwenye kihenge ni kumpa muda wa kumaliza ghala.

Kwa mbegu nenda polepole. Mvuke wa mafuta haya, hasa mchaichai wenye sitrali nyingi, unaweza kudhoofisha kuota. Kama umetibu maharage ya mbegu, hesabu punje 50, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, angalia zinavyoota ndani ya wiki moja kabla hujapanda shamba lote.

Kwenye bustani, kosa kubwa liko kwenye kuchanganya. Mafuta na maji havishikani. Mtu humimina mafuta ndani ya bomba lililojaa maji, anatikisa, anapuliza. Mimea ya kwanza inapata maji matupu, ya mwisho inapata mafuta karibu yote na kuungua. Karafuu ikizidi huunguza majani kiasi kwamba hutumika hata kuua magugu. Kwa hiyo kwanza changanya mafuta na sabuni kwenye kikombe. Kwa bomba dogo la mkono la lita 2, weka mililita 10 za mafuta ya mchaichai na mililita 10 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na dawa ya kung'arisha. Koroga hadi viwe kitu kimoja kizito. Ongeza maji vijiko vichache, koroga, ongeza tena, hadi upate mchanganyiko mweupe usio na matone yanayoelea. Ndipo umimine kwenye bomba na kujaza maji. Tikisa kila baada ya dakika chache unapopuliza. Sabuni ya unga usitumie, kwani chumvi na magadi yake huunguza majani laini ya mchicha na chainizi.

Anza na nusu ya kipimo hicho kwenye miche michache, subiri siku mbili. Ukiona kingo za majani zimekauka au madoa ya kahawia, usipandishe. Asilimia 1 ndiyo mwisho kwa mboga nyingi, na kitalu kichanga kisizidi asilimia 0.25. Puliza jioni, kuanzia saa 11, jua likiwa limepoa. Lenga chini ya majani, maana vidukari na utitiri mwekundu wako huko, na dawa isiyomgusa mdudu ni kama haikupulizwa. Rudia kila baada ya siku tatu hadi tano.

Kwa vidukari, mchaichai hufanya kazi, lakini sehemu ya kazi hiyo ni ya sabuni. Acha tuta moja ulipulizie sabuni na maji peke yake. Kama matokeo yanalingana, umeokoa bei ya chupa. Kwa utitiri mwekundu tofauti huonekana zaidi, hasa ukitumia karafuu kwa asilimia 0.3 na kulowanisha vizuri. Kantangaze aliye ndani ya jani la nyanya hafikiwi na mafuta yanayoruka. Kwa huyo, mwarobaini unaopulizwa mapema, viwavi wakiwa wadogo, unasaidia kupunguza, ukiambatana na kung'oa majani yaliyoshambuliwa na kuyazika.

Kipimo cha mwarobaini ni mililita 3 hadi 5 kwa lita, na sabuni kiasi kama nusu ya hapo. Ni mafuta ya rangi ya udongo yenye harufu nzito inayofanana na vitunguu saumu. Yakiwa hayana harufu kabisa na ni ya njano kama ya kula, yamesafishwa na huenda azadiraktini haimo. Huganda kwenye baridi, hivyo yaweke kwenye maji ya vuguvugu kama mawese.

Wakulima wa Ujiji na Kibirizi wanaochota maji ziwani wana jambo la kuangalia. Maji ya Ziwa Tanganyika yana ualikali, pH yake huwa karibu na 9, na yana magnesiamu ya kutosha. Sabuni ya mche iliyokunwa hushikana nayo ikawa utando mweupe unaoziba nozeli, ukaachia mafuta yajitenge. Azadiraktini nayo huharibika haraka kwenye maji ya namna hiyo. Tumia maji ya mvua ukiwa nayo. Kama huna, tia maji ya limau kidogo kidogo kabla ya kuweka dawa, tumia sabuni ya maji badala ya mche, na puliza yote siku ileile. Mchanganyiko uliolala usiku kucha mwagie kwenye udongo mkavu mbali na maji.

Usioshe bomba ziwani wala mtoni. Mafuta haya huua samaki na viumbe vidogo wanavyokula, na kuwa ya asili hakubadilishi hilo. Nyuki pia hufa wakipulizwa moja kwa moja, jambo zito kwa upande wa Tabora ambako mizinga iko karibu na mashamba. Usipulize kwenye maua. Karafuu huwasha ngozi na macho, vaa glovu. Mafuta ya mkaratusi, hata kijiko kidogo kimoja, yanaweza kumdhuru vibaya mtoto akiyanywa, kwa hiyo yasikae kwenye chupa ya soda wala rafu ya jikoni. Na anayeacha chupa hizi akageukia kuloweka majani ya tumbaku kwa kuwa ni ya bure, afahamu kwamba nikotini hupenya ngozi na inaweza kumlaza mtu mzima, tena majani hayo yanaweza kuambukiza nyanya na pilipili virusi vya batobato la tumbaku.

Dukani, omba chupa ya kioo cheusi au kahawia. Karafuu hulainisha baadhi ya plastiki na kuvimbisha mpira wa kidondoshi, ukifika nyumbani unakuta imevuja. Kibandiko kionyeshe jina la kisayansi, tarehe ya kukamuliwa na, kama kinadai kuua wadudu wa mazao, namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Chupa nyingi zinazouzwa kama dawa hazina namba hiyo kwa sababu zilitengenezwa kama manukato. Hizo usizitumie kwenye chakula. Nunua kiasi cha msimu mmoja, hifadhi kivulini, na kila ukifungua funga mara moja. Mchaichai uliokaa wazi ukabadilika kuwa mzito na mweusi umeoza kwa hewa, na kwenye majani utaunguza zaidi ya utakavyoua.